Mafunzo Niliyopata kwa Kutunga Mchezo wa Majahazi

Mimi na marafiki zangu hapa Tanga tunatunga mchezo wa ubaoni kuhusu biashara ya majahazi. Unapakia boriti za mikoko Kilwa, unafuata pwani hadi Mombasa na Lamu, kisha unavuka kwenda Maskati na kurudi na tende. Upepo wa kusi unakupandisha, wa kaskazi unakushusha. Tunaucheza barazani, tunaurekebisha, tunaucheza tena. Kazi hii imenishawishi kwamba mtunzi huanzisha mchezo tu. Wanaoukamilisha ni wachezaji.

1. Anza na vitu usivyoona uchungu kuvitupa

Ubao wetu wa kwanza ulikuwa upande wa ndani wa boksi la sabuni, na majahazi yakawa vizibo vya soda. Rafiki akiwekewa ubao uliochapishwa kwa rangi za kupendeza, huona haya kuukosoa. Akiwekewa boksi lililochorwa kwa penseli, anaomba ufutio na kuhamisha bandari mwenyewe.

2. Usiulize kama wameupenda

Marafiki wana huruma, watakuambia ni mzuri. Uliza maswali yenye majibu ya kukusaidia: ni wakati gani ulichoka kusubiri zamu yako? Ni uamuzi gani ulikuumiza kichwa? Kisha tazama mikono yao. Anayehesabu mzigo wake mara mbili kabla ya kusogeza jahazi yumo mchezoni. Anayerusha dadu huku akisimulia mechi ya jana ameshatoka. Klaus Teuber, fundi wa meno bandia wa Ujerumani aliyetunga Catan, mchezo uliotoka mwaka 1995, aliijaribu michezo yake kwa kucheza na mkewe na watoto wake. Watu unaoishi nao unawasoma usoni hata wasiposema neno.

3. Mtafute aliyeyaishi unayoyachezea

Mwanzoni upepo wetu ulibadilika kwa kurusha dadu. Mzee mmoja wa mtaani, nahodha wa zamani, alikaa akatazama, kisha akasema: "Mwanangu, kusi haingoji dadu. Sisi tuliujua mwezi wake. Shughuli ilikuwa kumaliza kupakia kabla haijaisha."

Maneno hayo yaligeuza mchezo mzima. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili. Hakuna baharia aliyeshtukizwa na misimu hiyo. Tukachora kalenda pembeni mwa ubao, kila mtu akawa anaona zamu zilizobaki kabla upepo haujageuka. Tangu hapo barazani kukawa na joto. Uondoke sasa na nusu ya mzigo, au usubiri boriti zaidi na kuhatarisha kubaki bandarini msimu mzima? Swali hilo lilikuwa kiini cha biashara yenyewe, na sasa ni kiini cha mchezo wetu.

4. Bahati ina hesabu zake

Dadu tuliziacha kwenye bei za sokoni. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka: jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, jumla ya 12 kwa njia 1 tu. Bei ya karafuu ilipofungwa ipande kwa 12 tu, jioni nzima haikupanda. Tulipoihamishia kwenye 7, soko la Unguja likachangamka. Jioni hiyo hatukugusa sheria nyingine yoyote, ili tujue kwa hakika mabadiliko yametokana na nini.

5. Anayeongoza naye aelemewe

Mchezo ambao mshindi anajulikana mapema huwachosha wote. Dawa tuliipata kwenye bao la kete. Lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kete inayotupwa nje. Unazokula unazisambaza upande wako. Shimo lililojaa ni nguvu ya mwenye nalo, lakini likiwa safu ya mbele ndilo mpinzani analolimezea mate. Ndiyo maana nyumba, shimo kuu la safu ya mbele, hulindwa na kuwindwa kwa wakati mmoja. Nasi tukaamua kwamba jahazi lililojaa lisogee hatua moja pungufu. Tajiri akaanza kufikiri upya, na aliye nyuma akapata sababu ya kuendelea kupiga hesabu.

6. Sheria zijisemee

Ziandike, uwape watu ambao hawajawahi kuuona mchezo, kisha funga mdomo. Utatamani sana kueleza, vumilia. Kila wanapokwama, andika wamekwama kwenye sentensi ipi, maana mchezo ukishafika nyumba za watu hutakuwapo kuwaelekeza.

7. Andika majina ya wote

Mwaka 1904 Mmarekani Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo alioutunga kuonyesha jinsi kodi wanayotoza wamiliki wa ardhi inavyowatajirisha wachache na kuwafukarisha wengi. Mchezo ulipita mikono mingi, ukabadilishwa, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuza Monopoly kama kazi ya Charles Darrow. Magie alikaa miongo mingi bila kutambuliwa. Kwa hiyo kijitabu chetu cha sheria kinataja kila aliyechangia na alichochangia: aliyehamisha bandari, aliyegundua kasoro ya bei ya karafuu, na nahodha aliyetupa kalenda ya pepo. Mchezo uliokamilishwa na wengi ni mali ya wengi, na haki hiyo iandikwe mapema, kabla fedha hazijaingia katikati.