Kulanti na maji: nichanganye vipi?

Swali: Naishi Dar es Salaam, ambako hakuna baridi ya kugandisha maji. Kuna haja gani ya kutia kulanti kwenye rejeta badala ya maji ya bomba?

Jibu: Haja ipo, tena kubwa. Kulanti haizuii kuganda tu. Ina dawa za kuzuia kutu, na huchelewesha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 106 hivi za Selsiasi, na zaidi ya hapo mfuniko wa rejeta ukiwa mzima. Maji ya bomba au kisima, hasa ya chumvi, huacha ukoko kwenye mirija na kula alumini ya injini.

Lakini usitie kulanti kali peke yake, kwani maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Soma dumu kwanza. Ikiwa kulanti imeshachanganywa na maji, itie ilivyo. Ikiwa kali, changanya lita 1 kwa lita 1 ya maji yasiyo na chumvichumvi. Usichague kwa rangi. Fuata kitabu cha gari.

Usifungue rejeta ya moto. Na kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu: iweke mbali na watoto.