Njaa Ilipofika Mlango wa Mfalme

Somo la juma: 2 Wafalme 6:24–33 na 25:1–7

Juma hili nataka tuingie Kitabu cha Wafalme kwa kupitia mlango wa hapa kwetu, Kisii mjini.

Septemba 1914, mji huu ukiwa bado boma la serikali na maduka machache, jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka upande ambao leo ni Tanzania, likaingia Kisii. Waingereza wakaja, wakapigana nao karibu na mji, Wajerumani wakarudi walikotoka. Mapigano yenyewe hayakukaa. Yaliyofuata ndiyo yaliyokaa: watu walipora mji ulipobaki wazi, na serikali ikawaadhibu Abagusii kwa kuchukua ng'ombe wao. Halafu vijana wakapelekwa Kariakoo kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakuonekana tena. Wazee wetu walilipia vita vya wafalme wawili ambao hawakuwahi kuwaona. Na hao wafalme, wa Uingereza na wa Ujerumani, walikuwa binamu!

Sasa sikia yaliyompata yule wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm wa Pili. Ukoo wake ulikuwa na taji la Prussia tangu 1701. Askari wake wengi walivaa mshipi wenye maandishi yanayosema Mungu yuko pamoja nao. (Kuandika jina la Mungu ni rahisi, wapendwa. Sisi tunaliandika hata kwenye matatu.) Lakini meli za Uingereza zilifunga bahari, chakula cha kutoka nje kikawa hakiingii. Wanaume na farasi wa shamba walikuwa wamechukuliwa vitani. Mwaka wa 1916 viazi vikaoza, na majira ya baridi yaliyofuata watu wa mijini walikula tanipu, ile mizizi wanayolisha ng'ombe. Tanipu asubuhi, tanipu jioni. Akina mama walipanga foleni gizani kungoja mkate wa kupimiwa, na wakati mwingine ulikwisha kabla hawajafika mbele.

Watu huvumilia njaa, hata sisi tunajua. Kilichowachoma ni kwamba njaa haikuwa ya wote. Mwenye pesa alinunua siagi kwa magendo. Kwenye meli za kivita, mabaharia walikula supu mbovu huku maofisa wao wakila vizuri hatua chache kutoka hapo. Mwaka wa 1917 mabaharia walilalamika, wawili wakapigwa risasi. Hebu fikiria: mtu anasema chakula ni kibaya, jibu ni risasi. Mwaka uliofuata, mwisho wa Oktoba, walipoamriwa kwenda kupigana vita vya mwisho ilhali vita vilishashindwa, walikataa. Uasi ukafika Kiel, ukaenea mji kwa mji. Tarehe 9 Novemba 1918 ikatangazwa Berlin kwamba Kaiser ameacha kiti. Kesho yake akavuka mpaka kuingia Uholanzi, na hakurudi tena mpaka alipokufa 1941.

Mtu asiseme hayo ni ya Wazungu. Januari 1974, Negele, kusini mwa Ethiopia, askari wa Haile Selassie waliasi kwa sababu ya chakula na maji: pampu yao iliharibika, maofisa wakawanyima kisima chao. Mwezi uliofuata madereva wa teksi wa Addis Ababa wakagoma, maana vita vya Israeli na Waarabu vya 1973 vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta. Na kule Wollo njaa ilikuwa imeua maelfu kwa maelfu, serikali ikificha. Tarehe 12 Septemba mfalme aliyejihesabu kuwa wa ukoo wa Sulemani alitolewa ikulu kwa gari dogo la Volkswagen.

Turudi kwenye Neno. Samaria imezingirwa, kichwa cha punda kinauzwa vipande 80 vya fedha. Mfalme anapita juu ya ukuta, mama mmoja anamlilia. Anaporarua mavazi yake, watu wanaona amevaa magunia ndani. Wahubiri wengi humsifu hapo. Mimi simsifu. Soma mstari wa 31: baada ya kumsikia yule mama, hakuuliza ghala lina nini. Aliapa kukata kichwa cha Elisha! Gunia la ndani halikumlisha mtu. Na sura ya 25, angalia mpangilio: mstari wa 3 mkate umekwisha mjini, mstari wa 4 ukuta umebomoka na Sedekia anakimbia usiku. Njaa ilitangulia.

Nasema haya kwa nini? Jumapili wazee wa kanisa wanakaa kuamua kuhusu pesa za mabati. Mimi ni mmoja wao, na nimeshawaambia msimamo wangu, kwa hiyo siwasemi pembeni. Mahindi ya shamba hayajakomaa. Kuna nyumba kati yetu, toka Suneka mpaka Keroka, ambazo jioni ni chinsaga bila ugali, na wenyewe bado wanakuja kesha la Ijumaa wakiimba. Tunawapigia mama hao harambee ya tatu mwaka huu. Kwani mabati yataoza? Naomba robo ya pesa hizo inunue mahindi, na majina yaandikwe na akina mama wenyewe, maana wao ndio wanajua jiko gani halijawaka. Wenzangu wengine wanaogopa watu watazoea. Hilo tulijadili, lakini tulijadili tukiwa tumeshiba.

Jumatano kwenye vikundi vya nyumbani, someni sura ya 7 yote, wale wakoma wanne langoni, na mwulizane kwa nini habari njema ilipitia kwao badala ya ikulu. Anayeweza aje na gorogoro moja ya mahindi. Asiyeweza aje na mfuko mtupu, na asiulizwe kitu mlangoni.