Muulize akiamka, usimuulize asubuhi

Mvuvi mmoja wa Matema aliokoa semina yetu. Tulikuwa Kyela mjini, tukiwafundisha wauguzi na matabibu wa zahanati kumsaidia mgonjwa aache tumbaku, naye alikubali kuhojiwa mbele ya darasa. Mimi igizo dhima la wahudumu wenyewe kwa wenyewe silipendi hata kidogo. Muuguzi anayejifanya mvutaji hukubali kila ushauri. Mvutaji wa kweli hubisha.

Hatua ni tano: uliza, shauri, pima utayari, saidia, panga kumfuatilia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Julai 2024 unasema ushauri mfupi ni wa sekunde 30 hadi dakika 3, kwa hiyo foleni si kisingizio. Tuanze na kuuliza.

Tabibu kijana alimwamkia, "Shikamoo mzee," kisha akasoma fomu: "Asubuhi unavuta sigara ya kwanza baada ya muda gani?"

"Asubuhi sivuti, daktari."

Alama sifuri. Nikamwomba aulize upya: ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kuwasha?

Mzee akacheka. Usiku wote yuko ziwani na taa, anavua usipa. Alfajiri yuko mwaloni anauza, kisha analala hadi mchana. "Nikiamka? Sijashuka kitandani, mkono uko kwenye kiberiti."

Sifuri ikawa tatu, alama ya juu kabisa ya swali lile katika kipimo cha Fagerström cha utegemezi wa nikotini. Fomu ile iliandikwa kana kwamba watu wote hulala usiku, na nimeichukia tangu siku hiyo. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Anayewasha akifumbua macho ameikosa usingizi mzima. Jibu hilo ndilo linaloamua dawa: anayewasha ndani ya nusu saa hupewa bigijii ya nikotini ya miligramu 4, mwingine ya 2. Ukimpa isiyomtosha, atatangaza mwalo mzima kuwa dawa zenu hazifai.

Bigijii hizo zimo kwenye orodha ya kimataifa ya dawa muhimu tangu 2009. Hata hivyo duka moja la dawa lilimuuzia mtu wetu bigijii ya mnanaa, likimhakikishia ni ileile. Asiye na dawa aseme hana! Ya kweli hutafunwa polepole, ikianza kuwasha inabanwa kati ya shavu na fizi, na soda au kahawa inasubiri.

Uliza pia ugoro. Bibi mmoja kutoka Ipinda alijibu kwa ukweli kabisa kwamba havuti, na kifuko chake kilikuwa kimefundikwa kwenye pindo la kanga.

Siku ya kuacha, kwa wavuvi, iangukie kwenye mbalamwezi. Taa hazivuti usipa, mitumbwi inapumzika, na siku za kwanza, zilizo ngumu kuliko zote, zinamkuta nyumbani. Tarehe ya mzee iliandikwa hivyo, pamoja na namba ya simu ya mkewe, aliyetaka apigiwe yeye kwanza.