Kupenda Riwaya Si Kuikosa Hisabati

Leo namjibu binti wa sekondari anayekaribia kuchagua mchepuo. Anapenda riwaya kuliko kitu chochote, hesabu zinamtoa jasho, na nyumbani wameshamwambia kwamba mtu wa hadithi hawezi kuwa mtu wa sayansi. Anauliza: aache riwaya ili akazane na hesabu?

Usiache, mdogo wangu. Kitabu cha kiada kinakupa kanuni ikiwa imeshakamilika, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mtu aliyehangaika nayo hayumo. Huoni alianza kwa kuuliza nini, alikwama wapi, alifuta mara ngapi. Kwa hiyo ukikwama unadhani umekwama wewe peke yako, kumbe kukwama ndiko kazi yenyewe. Ziko riwaya na wasifu zinazomrudisha yule mtu mbele ya macho yako, na kwa msomaji kama wewe huo ni mlango halali kabisa wa kuingilia.

Ningeanza na The Man Who Counted. Mwandishi anajiita Malba Tahan, jina la Kiarabu, ila alikuwa mwalimu wa hisabati wa Brazili, Júlio César de Mello e Souza. Kitabu kilitoka mwaka 1938 kwa Kireno, na siku aliyozaliwa mwandishi huyo, tarehe 6 Mei, ndiyo Siku ya Hisabati nchini Brazili. Mhusika wake, Beremiz, yuko safarini kwenda Baghdad na rafiki yake, wote wawili juu ya ngamia mmoja. Njiani wanakuta ndugu watatu wanagombania urithi: ngamia 35. Baba kaagiza mkubwa apate nusu, wa pili theluthi, mdogo tusui, yaani sehemu moja ya tisa. Nusu ya 35 ni ngamia kumi na saba na nusu, na hakuna anayetaka nusu ya ngamia!

Beremiz anamwongeza ngamia wa rafiki yake. Sasa wapo 36. Mkubwa anapata 18, wa pili 12, mdogo 4. Kila mmoja kapata zaidi ya alichodai. Jumlisha: 34. Wamebaki wawili. Mmoja anarudi kwa mwenyewe, na mwingine Beremiz anamchukua kuwa ujira wake.

Hapo funga kitabu, chukua kalamu. Nusu ni 9/18, theluthi ni 6/18, tusui ni 2/18. Jumla ni 17/18. Unaona? Baba hakugawa mali yote. Alisahau 1/18, na humo ndimo ujira wa Beremiz ulimokuwa umejificha. Hizi ni sehemu zilezile zinazokuchosha darasani, ila sasa zina watu wanaotaka haki yao. Wala si jambo la ngano tu. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu mashuhuri cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kutatua maswali ya mirathi. Wenzako wanaojifunza mirathi madrasa wanazijua sudusi na thumuni vizuri, na pengine hakuna aliyewaambia kwamba ile ni hisabati.

Ukipenda falsafa, tafuta Hayy ibn Yaqzan cha Ibn Tufayl, tabibu wa Andalusia wa karne ya 12. Mtoto anakulia kisiwani pasipo na binadamu, ananyonyeshwa na paa. Siku paa anapokufa, mtoto hakubali. Anampasua kifua ili aone ni kitu gani kilichoondoka. Kutoka kwenye msiba ule anaanza kuchunguza wanyama, moto, nyota, mpaka anafika kwenye swali la Muumba. Nakipenda kitabu hiki kwa sababu kinaonyesha sayansi ikianzia kwenye upendo. Yule mtoto aliuliza kwa kuwa alimtaka mama yake arudi.

Kwa wasifu, soma The Man Who Knew Infinity cha Robert Kanigel. Ni maisha ya Srinivasa Ramanujan, karani wa bandari ya Madras aliyemwandikia mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge mwaka 1913, akajaza barua kanuni alizozigundua mwenyewe. Mwaka uliofuata akasafiri kwenda Uingereza, na alifariki mwaka 1920 akiwa na miaka 32. Angalia mambo mawili humo. Hardy, pamoja na kumstaajabia, alimbana alete uthibitisho. Kuona jibu peke yake hakutoshi. Na Ramanujan alipoteza ufadhili wa chuo kwa kuyatupa masomo mengine yote. Hilo usimwige.

Kwa Kiswahili, upande ule wa falsafa, tunaye mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi. Kichwamaji, cha mwaka 1974, kinauliza maisha yana maana gani, na kinauliza kwa ukali. Lakini dada yako nakuonya: kinaishia kwenye kujiua. Kama siku hizi moyo wako mzito, kiweke kando kwanza, na uzungumze na mtu mzima unayemwamini. Kitakungoja.

Sasa niseme wazi, nisije nikakudanganya. Hakuna riwaya itakayokufanyia zoezi la milinganyo. Ukisoma ngamia wa Beremiz kitandani bila kalamu, umesoma hadithi tu, hujafanya hesabu. Mezani kaa na daftari, na kila tatizo linapotokea usifunue ukurasa kabla hujalijaribu. Vitabu hivi vingi utavipata kwa Kiingereza na bei yake si ya mwanafunzi, hivyo ulizia maktaba ya mkoa, au mwombe mwalimu akuulizie. Na nyumbani usibishane nao. Mweke baba mezani, mpe urithi wa wale ndugu watatu, umwache augawe.

Zoezi lako ni hili. Mgawanyo ni uleule, nusu, theluthi na tusui, lakini ngamia sasa ni 17. Azima mmoja, gawa, kisha uniambie kwa nini safari hii Beremiz angeondoka mikono mitupu.