Kabla ya Kulaumu Yai, Tuliulize Ini

Damu ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta hayachangamani na maji. Mpishi yeyote ameyaona yakielea juu ya mchuzi hata baada ya kuukoroga. Basi mwili ukitaka kupeleka kitu chenye asili ya mafuta, kama kolesteroli, kutoka kwenye ini hadi kwenye misuli au ngozi, hauwezi kukimwaga tu ndani ya damu. Lazima ukifungashe kwanza kwa protini zinazopatana na maji. Tuanzie hapo, kwa sababu mazungumzo mengi ya kolesteroli huanzia kwenye sahani, na yakianzia huko hupotea njia mapema.

Kolesteroli si uchafu. Kila seli huitumia kujengea utando wake. Nyongo hutokana nayo, na vilevile vitamini D na homoni za uzazi. Kitu muhimu namna hiyo mwili haukukiachia bahati ya mlo. Hukitengeneza wenyewe, kwa wingi kuliko kinachopitia kinywani. Kiini cha yai moja kina miligramu 200 hivi za kolesteroli, utumbo hufyonza takriban nusu yake, na ini likiona imeingia ya kutosha hupunguza kasi ya kutengeneza nyingine. Ndiyo maana wapo wanaokula mayai kila asubuhi na majibu yao ya maabara hayana neno, na wapo wembamba, wakimbiaji, wasiogusa yai, ambao kolesteroli yao iko juu kupita kiasi.

Vifurushi vinavyotupa taabu huitwa LDL. Kila kimoja ni kidogo kiasi cha kupenya tabaka la ndani la ateri. Kikishapenya chaweza kunasa humo ukutani. Chembe nyeupe za damu huja kukimeza, hulemewa, hufa, na mabaki yao hurundikana. Miaka ikipita rundo huwa uvimbe, na siku uvimbe ukipasuka damu huganda juu yake na kuziba njia. Ikiwa ni ateri ya moyo, hilo ni shambulio la moyo. Ikiwa ni ya ubongo, kiharusi. Mambo mawili yanaingia kwenye hesabu hiyo: wingi wa vifurushi, na miaka ambayo kuta za ateri zimekaa navyo. La pili husahaulika mno.

Sasa, nani anaviondoa vifurushi hivi kwenye damu? Jibu lilitoka Dallas, Marekani, kwa madaktari wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein. Waliwahi kukutana na watoto wa tumbo moja, mmoja wa miaka 6 na mwingine 8, ambao mioyo yao ilikuwa tayari inashambuliwa kama ya wazee. Umri huo hauna muda wa kuharibiwa na nyama choma. Walipochunguza seli za ngozi za wagonjwa wa namna hiyo, miaka ya 1973 na 1974, waligundua kwamba seli za watu wenye afya zina vipokezi juu ya utando wake vinavyokamata LDL na kuiingiza ndani. Seli za wagonjwa hazikuwa navyo. Kipokezi kimoja huingia na LDL, huishusha, hurudi juu, huingia tena, kila baada ya dakika kama 10, kwa muda wa saa 20 hivi. Vingi kati ya vipokezi hivyo viko kwenye ini. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Watoto wale walikuwa wamerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Hali hiyo ni nadra. Lakini kurithi jeni moja tu yenye kasoro, ambako hukuacha na takriban nusu ya vipokezi, kunampata mtu mmoja kati ya 250 hadi 300. Kila mtoto wake naye ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Wengi wao hutembea bila kujua hadi baba anapoanguka akiwa na miaka 45, na msibani watu wakasema ukoo ule umerogwa.

Urithi unaweza pia kumpendelea mtu, na hapa Afrika ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifuatilia familia za Ufaransa walipata protini iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kukishika kipokezi na kukipeleka kuvunjwa badala ya kukiacha kirudi juu. Familia zile zilikuwa na PCSK9 yenye nguvu kupita kiasi. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, huko huko Dallas, wakageuza swali: je, wapo ambao kwao protini hii imekufa? Walipatikana, hasa miongoni mwa Wamarekani weusi, wapatao 2 hadi 3 katika kila 100. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na walipofuatiliwa miaka 15, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa umepungua kwao kwa asilimia 88. Nchini Zimbabwe alipatikana mwanamke aliyerithi kasoro hiyo kwa pande zote mbili: LDL yake ilikuwa milimoli 0.4 tu kwa lita, naye mzima.

Kwa nini punguzo la asilimia 28 lilete kinga kubwa kiasi hicho? Kwa sababu lilianza siku ya kuzaliwa. Ile hesabu ya miaka inafanya kazi pande zote mbili.

Ukishavijua vipokezi, mambo ya chakula nayo yanapata mantiki. Mafuta yanayoganda kwenye ubaridi wa kawaida, kama samli na ya nyama nono, hulifanya ini lipunguze vipokezi. Ya nazi yamo kundini, ingawa yametoka kwenye mmea. Tui zito la kila siku si sawa na la wali wa sikukuu. Mawese yako katikati. Ya alizeti na karanga ni bora. Maharage, kunde, bamia na matunda yana nyuzinyuzi zinazonasa nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na likihitaji kolesteroli huongeza vipokezi na kuivuta kutoka kwenye damu. Yote haya, yakifuatwa kwa uaminifu, kwa wengi hushusha LDL kwa kitu kama asilimia 10 hadi 15. Si haba. Ila mwenye nusu ya vipokezi hatafika popote kwa bamia peke yake, na kumwambia ajitahidi zaidi ni kumwonea.

Dawa hufuata njia ile ile. Akira Endo, Mjapani, alipekua maelfu ya aina za ukungu hadi mwaka 1973 alipopata moja inayotoa kemikali ya kuzuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengenezea kolesteroli. Hapo ndipo zilipotoka statini. Ini likipungukiwa, huotesha vipokezi zaidi. Mwaka 1994 utafiti wa wagonjwa 4,444 wa nchi za Skandinavia ulionyesha kwamba dawa hizi hupunguza vifo, si namba za maabara tu. Kuongeza dozi maradufu huongeza punguzo la LDL kwa asilimia 6 hivi tu, hivyo daktari mzuri mara nyingi huongeza dawa ya pili, kama ezetimibi inayozuia ufyonzaji tumboni. Wapo wanaoumwa misuli wakitumia statini. Wamwambie daktari badala ya kuacha kimyakimya. Mjamzito kwa kawaida husimamishiwa. Juisi ya balungi huongeza nguvu ya baadhi ya statini kupita kiasi, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazipatani nazo, kwa hiyo mfamasia aambiwe kila unachotumia.

Kuhusu kipimo, usiridhike na jumla ya kolesteroli, omba LDL. Mara nyingi namba hiyo haipimwi, hukokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, na haitegemewi trigliseridi, yaani mafuta mengine ya damuni, zikizidi milimoli 4.5 kwa lita. Usipime ukiwa katika ugonjwa mkali, kwani LDL hushuka, wala katika ujauzito, kwani hupanda. LDL ya milimoli 4.9 kwa lita na kuendelea kwa mtu mzima, au vinundu vigumu kwenye kano ya kisigino na vifundo vya vidole, ni sababu ya kushuku urithi. Hapo mgonjwa si mmoja tena: wapimwe ndugu zake wote wa tumbo moja na watoto wake, hata wadogo na wembamba, bila kusubiri wafike umri wa baba yao alipoanguka.