Pete ya Mukuku na Elimu ya Falaki kwa Umma: Nafasi ya Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya metali ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, eneo la Mbooni, Kaunti ya Makueni. Kipenyo chake kilikuwa takribani mita 2.5 na uzito wake takribani kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliichunguza, likaeleza kuwa ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Kwa wanakijiji, swali la kwanza lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu: kitu hiki ni nini? Makala haya yanadai kwamba elimu ya falaki ambayo vyuo hutoa kwa umma haiwezi kukamilika bila istilahi madhubuti za Kiswahili, na kwamba kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili sawa na ilivyo ya idara za fizikia.

2.0 Kimondo au taka ya angani?

Neno lililo karibu zaidi na ulimi wa Mswahili kwa kitu kiangukacho kutoka juu ni kimondo. Lakini kimondo ni kitu cha asili. Mifano ni kimondo cha Mbozi nchini Tanzania, chenye uzito wa takribani tani 16, na mawe yaliyoanguka karibu na Thika mwezi Julai 2011. Pete ya Mukuku iliundwa kwa mkono wa binadamu. Kwa kawaida, sehemu kama hizo hutarajiwa kuungua zinaporudi katika angahewa, au kuangukia baharini. Tofauti hii si ya kamusi tu. Kimondo hakina mwenyewe wa kulaumiwa. Taka ya angani ina mwenyewe, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaidai nchi iliyorusha chombo ifidie hasara inayotokea ardhini. Basi mwanakijiji asiyekuwa na neno la kutenganisha viwili hivi anaweza kupoteza hata haki yake.

3.0 Hazina iliyopo

Si kweli kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Kilimia, jina linalohusishwa na kitenzi kulima, ni kundi la nyota ambalo mwezi Novemba huchomoza mashariki jua linapokuchwa. Huo ndio wakati wa mvua za vuli, ambazo wakulima wa Ukambani huzitegemea sana. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyotoka Kiarabuni na kukaa katika lugha. Aidha, Mkamba aitaye mwezi mwei na jua syua haoni ugeni mkubwa katika maneno ya Kiswahili, kwani lugha hizi ni ndugu.

4.0 Matatizo ya istilahi

Pamoja na hazina hiyo, yapo matatizo mawili. Kwanza ni utata. Unajimu hutumiwa kwa maana ya sayansi ya nyota na pia kwa maana ya kupiga ramli. Kwa hiyo falaki au astronomia hufaa zaidi mbele ya umma. Pili ni ukosefu wa usanifishaji. Sayari iliyo karibu zaidi na jua huitwa Utaridi katika vitabu vingine na Zebaki katika vingine, ingawa zebaki ni metali. Mkanganyiko huo umetokana na Kiingereza, ambamo jina ni moja. Ni kinaya kwamba setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa utafiti wa eksirei za angani, iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilhali habari zake husomwa zaidi kwa Kiingereza.

5.0 Wajibu wa vyuo

Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha astronomia na astrofizikia. Susan Murabana naye, kupitia mradi wa Travelling Telescope, amepeleka darubini kwa wanafunzi wa shule nyingi. Juhudi hizi zinahitaji wenzi. Vyuo vilivyo karibu na Mbooni, kikiwemo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kitui, vingeweza kuandaa usiku wa kutazama nyota vijijini, ambapo mwanafunzi wa fizikia anaelekeza darubini na mwanafunzi wa Kiswahili anaeleza kinachoonekana, huku akinakili majina ya nyota kutoka kwa wazee. Majina hayo yangekuwa mali ghafi ya istilahi.

6.0 Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haina budi kuonekana pia pale mwananchi anapoinua macho angani na kuuliza. Pete ya Mukuku imekwisha kuondolewa. Swali lake lingali shambani, likiwangoja wataalamu wa lugha.