MSHONO ULIONIDANGANYA

Ukipita sokoni hapa Githongo huwezi kukosa kuona cheche zikiruka kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali. Wengi husema kuchomelea ni kugusa chuma kwa stima tu, basi. Hata mimi nilidhani hivyo hadi likizo ya Desemba, nilipokuwa nikimsaidia mjomba kibandani mwake.

Alinipa ngazi ya kitanda cha orofa niiunge. Mabomba yalikuwa membamba, nami kwa kuogopa kuyatoboa nikapunguza moto wa mashine. Mshono ukatokea umejipanga kama magamba ya samaki! Nikaupaka rangi huku nikijisifu. Siku ya tatu kitanda kikarudishwa. Ngazi ilikuwa imeng'oka, na mtoto wa mteja amevunjika mkono.

Mjomba hakunipigia kelele. Aliniita tu, "Mpwa wangu, hebu tazama hapa." Ukingo wa bomba ulikuwa bado mkali, hata rangi ya zamani ipo. Chuma cha rodi kilikaa juu yake kama nta ya mshumaa juu ya meza, havikuyeyuka pamoja. Kumbe hilo ndilo kosa baya kuliko yote, maana kwa nje halionekani. Huletwa na moto mdogo, mkono unaokimbia, na uvivu wa kukwangua rangi na kutu. Lakini moto ukizidi nao, bomba hutoboka, au mfereji huchimbika kando ya mshono na kupunguza unene wa chuma. Kwa rodi ya milimita 2.5 mjomba huanzia karibu ampea 70, akajaribu kwanza kwenye vipande viwili vya bomba lilo hilo, kisha akavigonga nyundo aone kama vitaachana. Mimi sikujaribu.

Halafu kuna vitundu kama vya mkate. Huku kwetu ukungu wa Mlima Kenya hauishi, na rodi zikilala wazi hunyonya unyevu. Zikae ndani ya kopo lenye kifuniko. Lile ganda la juu nalo ligongwe na kusuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya mshono wa pili, lisije likazikwa ndani. Ukifika mwisho usiinue rodi ghafla. Rudi nyuma kidogo ujaze kishimo, kwani nyufa hupenda kuanzia hapo.

Msinicheke kwamba nakuza mambo kwa sababu ya ngazi. Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, na kati ya watu 212 waliokuwamo, 123 wakafa. Uchunguzi ulionyesha ufa ulianzia kwenye mshono mdogo wa milimita 6, ulioshikilia kifaa cha pembeni tu.

Ngazi ile niliiunga upya. Lakini kabla ya kuniruhusu niiguse, mjomba alivunja majaribio yangu matano. La sita lilipinda bila kuachia.